Ujerumani bila kuumia mfukoni: tiketi ya mwezi, treni ya mapema, au basi?

Watu wawili wamekaa bega kwa bega kwenye treni ya saa mbili asubuhi, Berlin kwenda Munich. Mmoja kalipa euro 30, jirani yake kalipa 180. Viti ni vilevile, dirisha ni lilelile, na watashuka dakika ileile. Hakuna aliyelanguliwa. Wa kwanza alinunua tiketi miezi miwili kabla, wa pili aliinunua jana jioni akiwa hotelini.

Kwa sisi tuliozoea nauli ya basi inayopangwa na mamlaka na kubandikwa stendi, au tiketi ya SGR ambayo ukishajua daraja umeshajua bei, jambo hili linashangaza, na mshangao wake una gharama. Wageni wengi ninaowafahamu walijiandaa kwa bei ya hoteli na chakula, wakasahau kwamba miji wanayotaka kuiona imetawanyika: Hamburg iko kaskazini, Munich kusini kabisa, Köln magharibi, Berlin mashariki. Nauli ndiyo iliyowamaliza.

Njia za kuzunguka nchi hiyo bila gari ni tano kwa hesabu yangu: tiketi ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket, treni ya kasi iliyonunuliwa mapema, pasi ya reli ya wageni, tiketi ya jimbo kwa kundi, na basi. Sitazipa nafasi sawa, kwa sababu mbili za kwanza ndizo zinazowachanganya watu zaidi. Bei nazo hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo penye neno “kama” au “karibu” uongeze kidogo kwenye bajeti yako.

Tiketi ya mwezi

Kiangazi cha 2022 serikali ya Ujerumani ilijaribu kitu cha ajabu: tiketi ya euro 9 kwa mwezi, Juni hadi Agosti, nchi nzima, ili kuwapunguzia watu makali ya bei ya mafuta. Treni zilifurika. Jaribio lilipokwisha watu waliendelea kuidai, na Mei 2023 ikaja Deutschlandticket kwa euro 49. Januari 2025 ikapanda hadi 58, na Januari 2026 ikawa 63. Euro imekuwa ikicheza kwenye shilingi 150 za Kenya, kwa hiyo ni kama shilingi 9,500.

Hata kwa bei hiyo, unachopata ni kingi. Basi la mjini, tramu, treni ya chini ya ardhi na treni za mikoa, mji wowote, mwezi mzima, unapanda na kushuka bila kuhesabu. Asubuhi uko Köln, mchana umekwenda Bonn, ile Bonn ya matangazo ya Kiswahili ya Deutsche Welle, jioni umerudi, na hujatoa senti ya ziada. Ukifika Munich unaweza hata kwenda nayo mpaka Salzburg, ambako umeshaingia Austria, kwa treni ya mkoa, safari ya kama saa mbili hivi.

Usichopata ni kasi. Tiketi hii haipandi treni za masafa marefu, yaani zile zilizoandikwa ICE, IC au EC, wala haipandi treni za FlixTrain. Zinazokubalika ni RE, RB na S, pamoja na U za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya mjini. Zishike herufi hizo kama unavyozishika namba za daladala, kwa maana treni mbili zinaweza kusimama jukwaa moja, zote zinakwenda mji uleule, moja halali kwako na nyingine si halali. Ukitafuta safari kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli Deutsche Bahn, kuna kichujio cha kukuonyesha treni za mikoa tu. Kiwashe kabla hujafanya lolote.

Mwendo wenyewe ukoje? Berlin hadi Munich kwa ICE ni kama saa nne tangu njia mpya ya kupitia Erfurt ifunguliwe Desemba 2017. Kwa treni za mikoa ni saa tisa au kumi, na utabadilisha treni mara tatu au zaidi, na kila unapobadilisha unabeba sanduku kupanda na kushuka ngazi. Niliwahi kufanya safari ya namna hiyo. Sijutii, lakini sirudii.

Mahali pengine ya polepole ndiyo nzuri. Frankfurt hadi Köln, ICE inakwenda zaidi ya saa moja tu, na karibu muda wote unaona mahandaki na kuta za barabara kuu. Treni ya mkoa inayopita Bingen na Koblenz inachukua karibu saa tatu, lakini inaambaa na mto Rhine: ngome juu ya kila kilima, mashamba ya mizabibu yaliyoinama mpaka ukingoni, meli za mizigo zikipishana. Bonde hilo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2002. Watalii hulipa boti ili kuliona, na wewe unaliona kwa tiketi ambayo umeshalipia. Kaa upande wa mto.

Sasa mitego. Wa kwanza ni kalenda: tiketi inahesabu mwezi wa kalenda, siyo siku 30 tangu ununue. Wauzaji wengi wakikuuzia tarehe 20 watakutoza mwezi mzima, na tarehe 1 unaanza mwezi mwingine. Ukiweza, panga safari yako iangukie ndani ya mwezi mmoja. Mgeni wa tarehe 3 hadi 27 Mei analipa 63, na wa tarehe 18 Mei hadi 11 Juni analipa 126 kwa siku zilezile.

Wa pili ni kwamba hii ni huduma ya kujiandikisha. Inajirudia kila mwezi mpaka uifute, na kanuni ni kuifuta kabla ya tarehe 10 kupita ili iishe mwisho wa mwezi huo. Ukinunua baada ya tarehe 10, kwa baadhi ya wauzaji tayari umeshafungwa na mwezi unaofuata. Mimi nilinunua tarehe 14 kwa furaha, bila kusoma masharti, na mwezi uliofuata nikakatwa pesa nikiwa nyumbani nachuma maembe. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nanunua na kufuta siku hiyohiyo: tiketi inabaki halali mpaka mwezi uishe.

Wa tatu ni malipo. Wauzaji wengi wanataka akaunti ya benki ya Ulaya. Wapo wanaokubali kadi ya Visa au Mastercard, na hao ndio wa kutafuta, au umwombe ndugu uliyefikia kwake akununulie kwa akaunti yake kwa jina lako. Jina ni muhimu: tiketi ni ya mtu mmoja, haiazimwi, na mkaguzi anaweza kudai pasipoti. Mtoto wa chini ya miaka 6 anapita bure, lakini wa miaka 6 na kuendelea anahitaji tiketi yake mwenyewe. Familia nyingi hugundua hilo zikiwa tayari ndani ya treni.

Treni ya kasi, ukiwahi

ICE inauzwa kama ndege. Tiketi za bei ya chini kabisa, Super Sparpreis, zinaanzia chini ya euro 20 ukinunua mapema na safari yako ikiwa siku isiyo na watu, kwa mfano Jumanne mchana. Juu yake kuna Sparpreis, na juu kabisa Flexpreis, bei kamili ya kupanda treni yoyote siku hiyo. Berlin hadi Munich kwa bei kamili inapita euro 150 bila aibu.

Tofauti ya Super Sparpreis na Sparpreis inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kuwa wewe ni mtu wa viza. Super Sparpreis hairudishwi kabisa. Sparpreis unaweza kuifuta kabla ya siku ya safari, unakatwa euro 10 na kinachobaki unapewa kama vocha. Ombi la viza ya Schengen kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15 tangu uwasilishe, lakini miadi ya kuwasilisha inaweza kuchukua wiki nyingi, na ada ya viza yenyewe ni euro 90 tangu Juni 2024. Kwa hiyo wakati bei za treni ziko chini, wewe bado hujui kama utasafiri. Ninavyofanya: kabla viza haijatoka sinunui Super Sparpreis hata iwe tamu namna gani. Safari ninayoihitaji kwa hakika naichukulia Sparpreis, na nyingine nasubiri pasipoti irudi mkononi.

Tiketi zote mbili zimefungwa kwenye treni moja, ile ya saa uliyoichagua. Ukiikosa kwa uzembe wako, imekwenda. Lakini reli ya Ujerumani siku hizi si ile ya hadithi za saa za ukutani. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na hapo “kwa wakati” ni kuchelewa kwa chini ya dakika sita. Ajabu ni kwamba hali hiyo wakati mwingine inamsaidia mwenye tiketi ya bei rahisi: ikionekana utafika na ucheleweshaji wa dakika 20 au zaidi, kifungo cha treni moja kinaondoka na unaruhusiwa kupanda nyingine. Ukichelewa kufika kwa dakika 60 unadai robo ya nauli, kwa dakika 120 nusu. Dai unalituma kwenye programu ileile uliyonunulia.

Jambo ambalo watu hawaambiwi: ulinzi huo unafuata tiketi. Ukitumia Deutschlandticket kutoka kijiji alikofikia ndugu yako mpaka stesheni kuu, kisha ukapande ICE kwa Super Sparpreis, hizo ni tiketi mbili tofauti. Treni ya kijijini ikichelewa ukaikosa ICE, hasara ni yako. Ama nunua safari nzima kwenye tiketi moja, kuanzia kijijini, ama jiachie saa nzima katikati.

Kwa wenye watoto hapa ndipo penye neema. Mtoto wa miaka 6 hadi 14 anasafiri bure na mtu mzima kwenye tiketi hizi, mradi aandikwe wakati wa kununua. Wa chini ya 6 ni bure tu. Kiti cha kuhifadhi unalipia zaidi ya euro 5 kwa mtu na si lazima, lakini Ijumaa jioni na Jumapili usiwe na ushujaa, lipa. Watu hukaa sakafuni karibu na mlango wa choo.

Pasi ya wageni

German Rail Pass inauzwa kwa wanaoishi nje ya Ulaya. Unanunua siku: tatu, nne, na kuendelea mpaka 15, mfululizo au za kuchagua ndani ya mwezi mmoja. Siku hizo unapanda ICE yoyote bila kufungwa. Siku tatu ni karibu euro 200, vijana wanapunguziwa, na wawili wanaosafiri pamoja wana bei yao.

Ni ghali kuliko tiketi za mapema na rahisi kuliko bei kamili. Inamfaa mtu ambaye ratiba yake iko mikononi mwa wengine: mfanyabiashara anayesubiri kupigiwa simu na kiwanda, au aliyepata viza wiki moja kabla ya kuruka, wakati bei za mapema zimeshatoweka. Ndugu yako anayeishi huko hawezi kuitumia, kwa hiyo ukitaka kusafiri naye, mmoja wenu atakuwa na pasi na mwingine atahangaika na tiketi. Kwa mgeni wa kawaida wa familia sioni sababu.

Tiketi ya jimbo na basi

Kila jimbo lina tiketi ya siku moja kwa treni za mikoa. Ya Bavaria, Bayern-Ticket, ndiyo maarufu: mtu wa kwanza analipa kama euro 30 na ushei, na kila anayeongezeka, mpaka watano, kama 10 hivi. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi na kwenda mpaka saa tisa usiku, na mwisho wa wiki inaanza usiku wa manane. Watoto wako wa chini ya miaka 15 hawalipiwi. Watu wazima watano kutoka Munich kwenda Füssen kuiona ngome ya Neuschwanstein wanagawana kama euro 70, na basi la kutoka stesheni ya Füssen limo ndani. Kuingia ngomeni ni tiketi nyingine, na foleni yake ni ndefu. Picha nzuri zote ziko nje, bure.

Mabasi ya masafa marefu Wajerumani wenyewe waliyapata juzi tu. Sheria ilikuwa ikiilinda reli tangu miaka ya 1930, na soko likafunguliwa Januari 2013. Leo mabasi ya kijani ya FlixBus ndiyo unayoyaona kila mahali. Faida yake ni kwamba hata ukinunua siku mbili kabla, bei haipai kama ya treni. Berlin hadi Munich ni saa saba au nane barabarani, kwa euro 25 hadi 40 siku nyingi. Mtu aliyezoea Dar–Mwanza hataona ajabu, na ukisafiri usiku umeokoa kitanda cha siku moja.

Angalia tu basi linaishia wapi. Köln hayaingii katikati ya mji, yanashusha uwanja wa ndege, na kutoka hapo unahitaji tiketi ya treni. Stendi ya Berlin iko magharibi, mbali na vivutio. Ile ya Munich iko Hackerbrücke, kituo kimoja kutoka stesheni kuu. Pasipoti iwe mfukoni, hasa basi likivuka mpaka: tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi hupanda basi na kupita kiti kwa kiti.

Tuweke hesabu mezani

Mama anakwenda kumwona binti yake Leipzig, wiki tatu, zote ndani ya mwezi mmoja. Tiketi moja ya tramu ni zaidi ya euro 3. Akitoka na kurudi mara moja kwa siku, ndani ya siku kumi ameshafika bei ya Deutschlandticket, na Berlin, ambako tiketi moja ni kama euro 4, angefika siku ya nane. Zaidi ya hapo atakwenda Dresden kwa treni ya mkoa kwa muda usiofika saa mbili, ataenda Halle na Wittenberg, na Jumamosi moja Berlin. Kwa mama huyu sina mjadala: tiketi ya mwezi, imenunuliwa na binti, imefutwa siku hiyohiyo. Binti ndiye pia wa kuulizwa kuhusu barua ya dhamana ya viza, ambayo ada yake huko ni euro 29. Bila barua hiyo ubalozi utataka kuona fedha za mgeni mwenyewe, na kipimo kinachotumika kwa Ujerumani ni euro 45 kwa siku.

Mfanyabiashara anakwenda maonyesho Frankfurt siku nne, katikati ana kikao Berlin cha siku moja. Asiguse tiketi ya mwezi. Frankfurt–Berlin kwa treni za mikoa ni siku nzima, kwa ICE ni saa nne hivi. Akate ICE mbili mara tu tarehe ya kikao ikithibitishwa, na aangalie tiketi yake ya maonyesho, kwa maana baadhi zina usafiri wa mjini ndani yake.

Wa tatu ndiye mgumu: kijana ana siku nane, anataka Berlin, Hamburg, Köln na Munich, kisha arudi Berlin kupanda ndege. Safari ndefu nne. Akisema Deutschlandticket peke yake, analipa 63 na anaona ameshinda. Lakini tumhesabie siku. Kitanda cha hosteli ni kama euro 35, chakula cha kujibana ni 20, kwa hiyo siku moja inamgharimu 55 hata akilala tu. Kila safari ndefu kwa treni za mikoa inamla saa nyingi zaidi ya ICE, tuseme wastani wa nusu siku. Safari nne ni siku mbili, yaani euro 110 alizozilipia kukaa dirishani akiangalia mashamba ya mahindi. Akiba imeliwa na reli.

Ningekuwa yeye ningechanganya. Deutschlandticket kwa ajili ya miji, kwa sababu tiketi ya siku Berlin peke yake inapita euro 10 na siku nane ni zaidi ya 80, halafu safari ndefu nne kwa ICE ya mapema au basi, lolote litakalokuwa chini. Tuseme 63 kwa mwezi na kama 110 kwa safari nne: 170 na ushei kwa kila kitu, na siku zake nane zimebaki nane. Hamburg na Berlin ziko karibu kiasi kwamba basi linatosha. Köln hadi Munich ni ndefu, hapo treni.

Na akiwa Berlin, apande U6 ashuke kituo cha Naturkundemuseum. Ndani ya jumba hilo la makumbusho kuna mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha mita 13 na zaidi, aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na wapagazi wakaibeba mifupa hiyo kichwani mpaka pwani. Mtu wa Lindi akisimama chini ya shingo ile hana haja ya mwongozaji.

Senti zinazovuja

Ukitoka Afrika Mashariki utashangaa stesheni hazina geti wala kondakta. Unaingia, unapanda, hakuna anayekuuliza. Kisha siku moja watu wawili waliovaa kama abiria wengine wanasimama katikati ya behewa na kutoa vitambulisho. Faini ni euro 60, na “mimi mgeni” haisaidii. Miji mingi tiketi ya karatasi ni lazima uigonge kwenye kisanduku kidogo jukwaani kabla ya kupanda. Mimi nilikuwa nayo, mpya kabisa, haijagongwa. Nililipa. Kwenye tiketi ya simu hutakiwi kugonga, ila uinunue kabla hujapanda, na simu iwe na chaji.

Berlin ina kanda A, B na C. Tiketi nyingi za mjini ni AB, na uwanja wa ndege wa BER uko C. Mgeni anaanza ziara yake kwa faini kabla hajaona hata jengo moja. Mwenye Deutschlandticket hana wasiwasi wa kanda.

Chupa za plastiki na makopo yana amana ya senti 25, inayoongezwa juu ya bei iliyoandikwa kwenye rafu. Usitupe. Mashine iko ndani ya kila duka kubwa, unaingiza chupa inakupa karatasi, unaipeleka kwa mlipishaji. Chupa nne ni euro nzima. Bora zaidi, beba chupa yako: maji ya bomba ni salama nchi nzima. Mgahawani usitegemee kuletewa maji ya bure, na choo cha stesheni au cha barabara kuu ni euro moja.

Jumapili maduka yamefungwa. Namaanisha yamefungwa. Nunua mkate, jibini na matunda Jumamosi kwenye Aldi, Lidl au Penny, la sivyo utakula döner ya euro 7 mchana na jioni. Maduka ya ndani ya stesheni kuu hufungua, kwa bei zao.

Kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za pesa za simu, kama ile ya Visa ya M-Pesa, hununua tiketi vizuri. Ila namba ya siri ya kuthibitisha inaweza kuja kwa ujumbe kwenye laini ya nyumbani, kwa hiyo iache laini hiyo ndani ya simu na huduma ya ng’ambo ikiwa imewashwa kabla hujaondoka. Na uwe na noti mfukoni: vibanda na migahawa midogo bado inapenda fedha taslimu kuliko kadi ya mgeni.

Kuhusu malazi nina neno moja tu, tarehe. Munich wakati wa Oktoberfest, kuanzia nusu ya pili ya Septemba, na Frankfurt au Hannover wakati wa maonyesho makubwa, kitanda cha euro 35 kinaweza kupanda mara tatu. Angalia kalenda ya mji kabla ya kukata tiketi ya ndege. Ukikuta mji umejaa, lala mji wa jirani: hapo ndipo Deutschlandticket inapolipa kodi yako ya nyumba.

Siku ya kurudi nayo ina hesabu yake. Unapokata tiketi ya ndege, muulize wakala kama shirika lina Rail&Fly, tiketi ya treni inayouzwa pamoja na ndege. Hiyo haikufungi kwenye treni moja, na ICE imo. Kama haipo, chagua treni inayofika uwanjani mapema kuliko unavyodhani inatosha, kisha panda ile inayoitangulia. Mimi Frankfurt hukaa saa tatu nzima nikila mkate wangu wa Jumamosi, nimeshapokea amana za chupa zote isipokuwa ile ninayoinywea.